Moshi wa hoteli unahesabikaje?

SWALI: Asalaam aleikum ndugu mhariri. Huku kwetu Micheweni, Pemba, inataka kujengwa hoteli ufukweni, tumesomewa ripoti ya athari za mazingira kwenye mkutano wa shehia, habari ya hewa chafu imo mstari mmoja tu, eti "moshi kidogo". Inatosha?

JIBU: Waaleikumu salaam. Haitoshi hata kidogo ndugu yangu, moshi unahesabika kwa kalamu na karatasi. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa kama kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi, sasa tuseme jenereta linakunywa lita 100 kwa siku, hizo kilo 270, kwa mwaka karibu tani 99, na hapo bado boti za wageni, bado gesi ya viyoyozi ikivuja. Na mikoko je? Mie hapa ndo naumia zaidi, maana ule udongo mweusi unaozamisha mguu mpaka gotini umehifadhi kaboni ya miaka mingi mno, ukifukuliwa tu inatoka. Waulizeni tani ngapi kwa mwaka, umeme watatumia ule wa waya wa baharini kutoka Tanga au jenereta kila siku, na mikoko mingapi inakatwa. Maoni yenu yapelekeni ZEMA, yaani mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, kwa maandishi, kabla cheti cha mazingira cha hoteli hakijatoka.