Laptopu haioni waifai? Usimlipe fundi kwanza

*Hujambo. Nimenunua laptopu ya mtumba mjini, muuzaji akasema imetoka Marekani. Inaona waifai za majirani wote isipokuwa yangu. Simu yangu na ya mume wangu zinaingia bila shida. Muuzaji anasema ruta ndiyo mbovu, watu wa intaneti wanasema laptopu ndiyo mbovu. Nimlipe nani? – Mama, Roysambu*

Usimlipe yeyote bado, dada. Laptopu inayoona waifai za majirani ina kadi ya waifai iliyo hai, na ruta inayohudumia simu mbili ni nzima. Tatizo liko katikati yao.

Waifai ni redio, na masafa yake ya gigahazi 2.4 yamegawanywa katika chaneli. Marekani hutumia 1 hadi 11, ilhali nchi nyingi nyingine hufika 13. Laptopu iliyoandaliwa kwa soko la Marekani mara nyingi haisikilizi 12 wala 13. Ruta yako ikiachiwa ijichagulie chaneli, inaweza kukimbilia 13 kwa kuwa majirani wamejazana kwenye chaneli za chini, na hapo laptopu haitaiona hata ukiipakata kando yake. Sababu nyingine ya kuangalia: laptopu nyingi za zamani hujua 2.4 pekee, na huenda ruta yako inatangaza gigahazi 5 tu. Simu za sasa husikia zote mbili, ndiyo maana hazikulalamika.

Geuza ruta uangalie kibandiko cha chini. Kina anwani, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1, pamoja na jina na nenosiri la kuingilia. Iandike anwani hiyo kwenye kivinjari cha simu ikiwa imeunganishwa na waifai hiyo hiyo. Hakikisha 2.4 imewashwa, kisha uchague mwenyewe chaneli 1, 6 au 11. Hizo tatu haziingiliani. Ukichagua 3 utawasumbua wa 1 na wa 6, nao watakusumbua wewe, na katika magorofa ya Roysambu yalivyosongamana, usumbufu huo utausikia kila jioni watu wakirudi kutoka kazini.

Ikiwa bado haionekani, washa hotspoti ya simu. Laptopu ikiingia hapo, yenyewe ni nzima; rudi kwenye mipangilio ya ruta.

*Kaka, laptopu yangu ni mpya kabisa, Windows 11. Nikiiwasha mara ya kwanza inadai intaneti, lakini orodha ya waifai ni tupu. Haisongi mbele. – Mwanafunzi, Kahawa West*

Ndugu yangu, huenda Windows haina draiva ya kadi yako ya waifai, yaani programu inayoiwezesha kuitumia kadi hiyo, nayo draiva inapatikana kwenye intaneti. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, waya unaopitisha data na si wa kuchaji tu, kisha kwenye mipangilio ya simu uwashe kugawa intaneti kwa USB. Laptopu itaiona kama mtandao wa waya na kuendelea.

Angalia bando lako kabla ya kuanza. Windows mpya huvuta masasisho mazito, na bando la siku laweza kuisha kabla hujafika mwisho. Ukishaingia, iambie laptopu kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo; itapunguza pupa. Tafuta draiva ya waifai kwanza, mengine yasubiri.

*Printa yangu iko kwenye waifai, laptopu iko kwenye waifai, lakini hazionani. Watoto wana kazi ya shule ya kuchapisha. – Baba, Lang'ata*

Mzee, linganisha majina ya mitandao herufi kwa herufi. Ruta nyingi huweza kutangaza mtandao wa kawaida na mwingine wa wageni, na ule wa wageni umeundwa makusudi ili vifaa visionane. Kimoja kikiwa huko, hakuna kuchapisha. Printa nyingi za nyumbani pia hazijui gigahazi 5. Ziweke kwenye 2.4. Laptopu inaweza kubaki kwenye 5, mradi zote ziko kwa ruta moja. Kwa kazi ya leo ya watoto, tumia waya wa USB. Haya mengine mtayatengeneza wikendi.

*Kipanya changu kisichotumia waya huruka-ruka nikichomeka diski ya nje. – South B*

USB 3.0 hutoa kelele ya redio karibu na gigahazi 2.4, masafa yale yale ya kipanya. Hamishia kipokezi cha kipanya upande wa pili wa laptopu, au kichomeke kwa waya mfupi wa kurefusha.

*Kwenye ploti yetu nyumba tatu tunachanga waifai moja. Ni salama kuunganisha laptopu ya kazi? – Dada, Umoja*

Inawezekana. Ukiunganisha, ichagulie laptopu mtandao wa umma, si wa binafsi, ili ijifiche kwa vifaa vingine. Muombe mwenye ruta atumie ulinzi wa WPA2 au WPA3, abadilishe nenosiri la kibandikoni, na azime WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila nenosiri. Jirani akihama, nenosiri libadilishwe siku hiyo hiyo, hata kama mliagana vizuri. Na mtandao ule wa wageni uliomsumbua baba wa Lang'ata, hapa ndipo mahali pake: kila nyumba ikae humo.