Magego yangu yamechomoka harusini

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 46, naishi Tanga. Niling'olewa magego mawili ya chini miaka sita iliyopita. Nina meno ya bandia ya kuvua, lakini juzi harusini yalichomoka natafuna nyama, nikayafunga kwenye leso kama mwizi. Nasikia kuna ya kupandikiza. Nina kisukari, nitaweza?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usione haya. Mimi mwenyewe ninalo moja la kupandikiza, na leo asubuhi nimetafunia muhogo wa kukaanga.

Kisukari si kizuizi kikidhibitiwa. Kikipanda ovyo, kidonda huchelewa kupona na kipandikizi huweza kulegea. Leta kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, si cha asubuhi moja tu.

Ninachohofia zaidi ni hiyo miaka sita. Pasipo jino, mfupa wa taya hunywea, kwa hiyo upigwe picha kwanza. Mfupa ukiwa mwembamba, huongezwa. Kisha unachomwa ganzi, mfupa unatobolewa, inaingizwa skrubu ya metali iitwayo titani. Hapo ni kungoja, mara nyingi miezi 3 hadi 6, mfupa uishike. Msweden Per-Ingvar Brånemark aligundua mshikamano huo kwa sungura: kifaa chake cha titani kiligoma kutoka mfupani! Mgonjwa wake wa kwanza alimpandikiza 1965.

Ukiuliza bei, uliza ya skrubu, kiungo cha kushikia jino, na jino lenyewe linalokaa juu yake, kwa pamoja. Wengine hukutajia skrubu tu.