Jibu: Kuruka maigizo kwenye somo la dawa za kulevya

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama kuna ubaya ukiruka maigizo ya kukataa vishawishi yaliyo kwenye mwongozo wa somo ukawasomea tu watoto madhara ya dawa za kulevya, maana darasa limejaa na kipindi ni kifupi. Ubaya upo, tena mkubwa. Unachokiruka ndicho kiini chenyewe.

Marekani waliwauliza walimu wa shule za kati mwaka 1999: asilimia 62 hivi walifundisha mambo yanayofaa, lakini waliotumia mbinu shirikishi zinazofaa, kama maigizo, ni asilimia 17 tu. Waliofanya yote mawili, asilimia 14.

Mimi nafundisha hapa Tanga, na mwanzoni nilikuwa nahubiri tu. Watoto wanaitikia "ndiyo mwalimu", basi. Baadaye nikawapanga wawili wawili, mmoja ashawishi, mwenzake akatae. Kijana mmoja, msemaji kweli uwanjani, aliambiwa, "Vuta kidogo tu, mwanangu, kwani utakufa?" Akabaki anachezea kifungo cha shati, hana neno. Tulirudia mara tatu ndipo likamtoka: "Sitaki, nawahi nyumbani." Hilo halipatikani ubaoni.

Kubadilisha mifano ruksa, nami hubadilisha: sherehe ya kwenye mwongozo naigeuza baraza la vijana mtaani Ngamiani, hapa Tanga, pombe naigeuza kete au msokoto wa bangi, vitu wanavyoviona njiani. Ila mpangilio wa vipindi siugusi, kwa sababu kila kimoja kinajengea kingine. Muda ukibana, punguza maelezo yako, mazoezi yaache. Darasa likiwa kubwa, jozi zote ziigize kwa pamoja. Kelele zitakuwepo, zivumilie.