Mgonjwa wa goti: aje kliniki au umpigie video?

Ninyi mnaoanza kazi ya fiziotherapia mtaulizwa sana na watoto wa wagonjwa: mama magoti yamesagika, anakaa mbali, nauli ya bodaboda na daladala kila wiki hatuiwezi, ni lazima aje? Mimi hujibu hivi: mara ya kwanza aje. Baada ya hapo, kwa wengi simu inatosha.

Mara ya kwanza aje kwa sababu panahitaji mikono. Goti lililovimba ghafla na kuwa la moto, hasa kukiwa na homa, ni la daktari siku hiyohiyo, si la mazoezi. Vilevile shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, au goti likikwama halinyooki. Kamera haigusi joto.

Lakini ukishajiridhisha, dawa kubwa ni mazoezi atakayofanya mwenyewe nyumbani, wala si kukandwa na wewe. Ndiyo maana matokeo ya utafiti wa PEAK wa Australia, uliochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2024, hayakunishangaza. Watu 394 wenye maumivu sugu ya goti waligawanywa: wengine walionana na mtaalamu ana kwa ana, wengine kwa video, mara 5 ndani ya miezi 3. Kwa maumivu na kwa shughuli za kila siku, wa video hawakuachwa nyuma.

Sasa video yenyewe. Mwambie aombe mjukuu amshikie simu, isimame ubavuni kwake, usawa wa kiti, ili uone nyonga, goti na kisigino kwa pamoja. Ukimtazama kwa mbele hutajua kama anajirusha anaponyanyuka. Kiti kiegemee ukuta. Mhesabie amesimama na kukaa mara ngapi kwa sekunde 30, uandike. Wiki zijazo namba hiyo itasema kuliko "naendelea vizuri, daktari". Kisha omba uonyeshwe ngazi, kochi analozamia na choo cha kuchuchumaa. Hayo kliniki huyaoni kamwe, na ndiyo yanayomtesa. (Bando likiisha katikati, malizia kwa simu ya kawaida, usiahirishe.)

Akisema mafuta ya goti yameisha ndiyo maana hatembei, tulia hapo kabla ya kumpa zoezi lolote. Mweleze kwamba misuli ya paja ikiwa na nguvu hulipunguzia goti mzigo, na kwamba kuuma kidogo si kuharibika. Maumivu hadi 5 kati ya 10 yanavumilika, mradi kesho yake yawe yameshuka hadi kiwango chake cha kawaida. Yasiposhuka, punguza idadi, usifute zoezi.

Anayeanguka-anguka, asiyesikia vizuri, au anayeshinda peke yake nyumbani, huyo mwite kliniki hata kama ana simu nzuri. Na kama nauli ndiyo kikwazo, panga siku yake ya goti iangukie siku ya kliniki yake ya presha.