Shangazi, wakala anataka milioni nne na nusu nikafundishe Kiingereza Thailand

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 25, naishi Mbagala. Nimemaliza shahada ya ualimu mwaka juzi na ajira bado. Wakala mmoja mwenye ofisi Kariakoo ananiambia kuna nafasi ya msaidizi wa Kiingereza katika shule ya msingi Thailand, mshahara baht 20,000 kwa mwezi. Anataka Sh 4,500,000 kabla ya mwisho wa mwezi, na tiketi juu yangu. Anasema nitaingia kwa viza ya utalii, halafu nitabadilishiwa huko huko. Mama alikuwa anikopee kwenye kikoba, lakini amesikia habari za wasichana wanaouzwa huko na amegoma. Na mimi mwenyewe moyo unasita: Kiingereza changu cha shule ya kata, nikamfundishe nani? Mwalimu bila darasa, Mbagala.*

Marahaba, mwanangu. Hela ya kikoba isitoke mwezi huu. Kazi ya namna hiyo ipo kweli na Waafrika wengi wanaifanya Thailand, ila njia unayoelekezwa itakuumiza.

Viza ya utalii hairuhusu kufanya kazi, hata kazi ya kumshikia mwalimu kadi za picha. Sheria ya Thailand inamtoza mgeni anayefanya kazi bila kibali faini ya baht 5,000 hadi 50,000, inamrudisha kwao, na inamfungia kuomba kibali cha kazi kwa miaka 2. Hapo anayeumia ni wewe peke yako, kwa sababu wakala atakuwa amekaa Kariakoo.

Utaratibu wenyewe ni huu. Shule inakuhoji, inakupa mkataba, kisha inakutumia barua ya ajira pamoja na nakala za usajili wake. Kwa karatasi hizo unaomba viza ya Non-B, yaani ile ya wanaokwenda kufanya kazi, kwenye mtandao ukiwa bado Dar. Ubalozi wao wa Nairobi ndio unaotuhudumia. Viza hiyo inakupa siku 90. Ndani ya siku hizo shule inakuombea mambo mawili: ruhusa ya kufundisha kwa muda kutoka Khurusapha, ambalo ni baraza lao la walimu, na kibali cha kazi. Vikipatikana, uhamiaji wanakuongezea ukaazi hadi mwaka mmoja. Kuanzia hapo unaripoti uhamiaji kila baada ya siku 90. Ukitaka kutoka nje ya nchi, hata kwa siku moja, lipia kwanza kibali cha kurudi, baht 1,000. Ukitoka bila hicho, ukaazi wako umekufa na unaanza upya.

Sasa piga hesabu. Viza ni baht 2,000, kuongeza ukaazi 1,900, kibali cha kazi cha mwaka kama 3,000. Jumla haifiki baht 7,000, na hata ukihesabu kila baht kwa Sh 85 haifiki laki sita. Muulize wakala hizo nyingine zote ni za nini, akuandikie moja moja. Fomu ya kuingilia ambayo kila msafiri anaijaza mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika ni bure kabisa, kwa hiyo ukiona imeandikiwa bei, ujue na mengine yamepandishwa.

Lakini kuna swali linalonisumbua kuliko pesa. Je, kuna mtu wa shule hiyo aliyekusikia ukizungumza? Shule inayotafuta msaidizi wa Kiingereza itakuhoji kwa video, na mara nyingi itakuambia ufundishe somo dogo la dakika 10 wakikutazama. Hamna anayemwajiri mtu wa kutamka bila kulisikia tamko lake.

Mama yako hajakosea kuogopa. Mji wa Mae Sot uko mpakani mwa Thailand na Myanmar, na ng'ambo ya mto kuna Myawaddy, eneo la makambi ambamo watu wanafungiwa na kulazimishwa kutapeli wenzao mitandaoni. Mapema mwaka 2025 walitolewa maelfu, wakiwamo Wakenya na Waethiopia, na wengi wao walikuwa wameahidiwa kazi nzuri Thailand. Kwa hiyo tiketi yako iishie kwenye mji uliotajwa katika mkataba. Ukipokelewa uwanja wa ndege Bangkok na mtu asiye wa shule, akakuambia mnaendelea na gari kuelekea mpakani, usipande. Rudi ndani ya jengo, nenda kwa polisi wa utalii, na pasipoti isitoke mkononi mwako.

Mtumie wakala ujumbe huu leo: “Naomba jina kamili la shule, mkoa ilipo, na mkataba wenye sahihi ya mkuu wa shule. Barua ya kuombea viza ya Non-B ikitoka, nitakuja ofisini tuzungumze malipo.” Akikupa jina, usitumie namba ya simu aliyokupa yeye. Itafute mwenyewe kwenye ukurasa wa shule, kisha piga. Wako mbele yetu kwa saa 4, kwa hiyo ukipiga saa 1 asubuhi hapa, kwao ni saa 5 asubuhi na ofisi iko wazi. Wakati huohuo nenda TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, ukaulize kama wakala huyo ana leseni ya kupeleka watu nje.

Mkataba ukija, usikimbilie kwenye mshahara. Angalia miezi kwanza. Mwaka wao wa shule unaanza katikati ya Mei na kuisha Machi, na Oktoba kuna likizo. Shule nyingine zinaandika mkataba wa miezi 10 bila malipo ya likizo. Baht 20,000 mara 10 ni 200,000. Ukizigawa kwa miezi 12 unayokula na kulala, umebaki na kama 16,700 kwa mwezi. Angalia pia nani analipia kibali cha kazi, vipindi vingapi kwa wiki, na bima ya afya. Chumba kwa kawaida kinataka amana ya miezi 2 na kodi ya mwezi mmoja mbele, hivyo chumba cha baht 4,000 kinameza 12,000 siku ya kwanza, na mshahara hauji mpaka mwisho wa mwezi. Usiondoke na chini ya baht 30,000 zako mwenyewe.

Karatasi za hapa unaweza kuanza hata bila wakala: cheti cha shahada na transkripti vyenye mihuri ya Wizara ya Mambo ya Nje, cheti cha tabia njema cha Polisi kile cha alama za vidole, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, uchanjwe angalau siku 10 kabla ya kufika. Shule nyingi zitakuomba pia matokeo ya mtihani wa Kiingereza, ama TOEIC, alama 600 kwenda juu, au IELTS, na yote mawili yanaisha baada ya miaka 2, basi usifanye mtihani mapema mno. Kinachowakwamisha wengi ni majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema hivi, NIDA vile, pasipoti vingine. Nenda kwa wakili myaweke sawa sasa, maana ofisa wa viza hatajua kwamba “Mwanaidi” na “Mwanahidi” ni mtu mmoja.

Nimeliacha swali lako la mwisho mpaka hapa kwa makusudi, kwa sababu ndilo ninalolijali zaidi. Unaweza, mwanangu. Msaidizi si mwalimu mkuu wa somo. Mwalimu wa Kithai ndiye anayeshika darasa, sarufi na nidhamu; wewe ni mdomo na sikio. Mnakubaliana naye maneno 5 au 6 ya kipindi. Unaonyesha picha, unatamka, watoto wanarudia, kisha wanaulizana wawili wawili. Herufi zinakuja mwisho, hasa kwa darasa la kwanza ambao bado wanahangaika na konsonanti 44 za kwao. Wala usishangae mtoto akiandika sentensi nzima imeshikana: Kithai hakiachi nafasi kati ya neno na neno.

Kazi kubwa iko mwishoni mwa neno. Sisi Waswahili tunapenda kulifunga neno kwa irabu, ndiyo maana “bus” ikawa basi na “school” ikawa skuli. Mtoto wa Kithai anafanya kinyume, analikaba. Kwao s ya mwisho inageuka t na l inageuka n, hivyo utasikia “bat” akimaanisha basi, na “futbon” akimaanisha mpira wa miguu. Usimwambie amekosea. Sema “bus” taratibu, vuta ile s ndefu kama nyoka huku unachora mstari hewani kwa kidole, halafu mwache na yeye achore. Kwa l mwonyeshe ulimi umegusa nyuma ya meno ya juu na ubaki hapo.

Ila uisafishe kwanza ya kwako. Kila jioni chagua maneno 10 yanayoishia na konsonanti, yasome ukijirekodi kwenye simu, kisha sikiliza miisho tu. Ukisikia i au u imejipenyeza nyuma ya “milk” au “book”, rudia. Na miezi hii ya kusubiri, nenda shule moja ya Kiingereza hapo hapo Mbagala, umwombe mwalimu mkuu usaidie darasa la kwanza asubuhi mbili kwa wiki. Mwisho wa muhula muombe barua. Utaiambatanisha kwenye maombi, na siku utakayoambiwa kwa video “tufundishe dakika 10”, somo utakuwa nalo.