Maswali yenu kuhusu kikosi cha moto wa nyika

*Nina miaka 19, nataka kujiunga na kikosi. Kazi yenyewe ni kushika mpira wa maji kutwa?*

Hapana. Mlimani gari la maji mara nyingi halifiki, kwa hiyo kutwa unashika jembe na shoka. Kikosi hujipanga msururu: wenye misumeno hutangulia kuangusha vichaka, wanaofuata hukata mizizi, wa nyuma hukwangua majani makavu na mboji mpaka udongo mtupu uonekane. Moto ukifika kwenye ukanda huo hukosa cha kula. Ila mkiacha mzizi mmoja umekatiza chini yake, moto unaweza kupita humo polepole na kuibukia upande wa pili. Ndiyo maana wa mwisho kwenye msururu anapaswa kuwa na macho makali kuliko wote.

*Niwe na nguvu kiasi gani?*

Pumzi kwanza. Kipimo kinachotumika Marekani ni kutembea kilomita 4.8 ukiwa na mzigo wa kilo 20 hivi, kwa dakika 45, bila kukimbia. Fanya mazoezi na buti zilezile utakazovaa kazini, maana malengelenge hayajali una misuli kiasi gani.

*Wanawake wanapokelewa?*

Ndiyo, na kipimo ni hichohicho.

*Mume wangu hubeba hema dogo la kujikinga na moto. Akizingirwa si atakuwa salama?*

Dada, nisikufiche. Hema lile huakisi joto, lakini ndimi za moto zikiligusa moja kwa moja huharibika upesi. Mwaka 2013, huko Yarnell Hill, Arizona, wazimamoto 19 walijifunika mahema yao na wote wakafa. Linalomlinda zaidi ni mambo manne yanayopangwa kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi: mlinzi anayeutazama moto akiwa mahali pa juu, mawasiliano yasiyokatika, njia ya kutorokea, na mahali salama njia hiyo inapoishia. Moto hupanda mlima mbio kuliko mtu, kwa sababu joto lake hukausha nyasi za juu kabla haujazifikia. Mann Gulch, Montana, mwaka 1949, watu 13 walikufa baada ya moto kuwakimbiza mlimani. Kiongozi wao, Wagner Dodge, alichoma nyasi zilizokuwa mbele yake, akalala kwenye majivu yake na kupona. Aliwaita wenzake, hawakumfuata. Muulize mumeo kila asubuhi: leo njia yenu ya kutorokea ni ipi? Asiyeweza kuitaja asianze kuchimba.

*Moto ukishazima, mbona kikosi kinabaki siku nyingi?*

Haujazima. Visiki na mizizi hufuka chini kwa chini, na upepo wa mchana ukivuma cheche huruka ng'ambo ya ukanda. Tunavua glavu na kusogeza mgongo wa mkono karibu na majivu, bila kuyagusa kwanza, kutafuta joto. Panapochoma, tunachimbua, tunachanganya na udongo na maji kama yapo, halafu tunapima tena. Inachosha na wengi huidharau, lakini mkiondoka mapema mtaitwa kurudi palepale.