Re: Usaili wa kuuza bima ya maisha kwa kamisheni tupu

Mkuu, umeitwa usaili wa kuuza bima ya maisha bila mshahara, kwa kamisheni tu, na unahofia ni utapeli. Kukosa mshahara si utapeli. Ndivyo mawakala wengi wa bima ya maisha wanavyofanya kazi. Ila nenda ukiwa umejipanga, maana pale na wewe unawasaili.

Waulize kamisheni ya mwaka wa kwanza ni asilimia ngapi ya malipo ya mteja na kuanzia mwaka wa pili inashuka hadi wapi. Halafu swali ambalo wengi hawaulizi: mteja akiacha kulipa baada ya miezi mitatu, kamisheni niliyokwishalipwa inakatwa? Mara nyingi inakatwa, na hapo ndipo vijana wanajikuta wanadaiwa. Omba mkataba, usome kifungu hicho palepale. Angalia pia kama unaandikwa mwajiriwa au wakala, kwa sababu wakala hachangiwi NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii). Leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, ni lazima. Uliza nani anailipia.

Watakuambia uorodheshe ndugu na marafiki unaoweza kuwauzia. Usiishie hapo, ndugu wanaisha haraka. Taja walimu, bodaboda, wenye maduka ya mtaani kwenu, na ueleze utawafikiaje. Na uwe na akiba ya nauli na chakula ya miezi kadhaa, tafadhali.